Jogoo wa Barua Pepe

Malaba,
Jumamosi

Dada yangu mpendwa Zilpa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wifi yako Mourine. Natumai goti lako limetulia na shemeji ameacha kubishana na daktari wake. Sisi hapa tunaendelea. Mvua imekuja vizuri, mihogo imeshika, na malori yamepanga foleni ndefu kama ulivyoyaacha.

Uliponiuliza kwa simu kuhusu kazi, nilikujibu kwamba ni salama kisha nikakimbilia habari nyingine. Leo nikueleze sawasawa.

Unajua ofisi yetu hushughulikia hati za mizigo inayovuka kwenda Uganda. Mwaka huu bosi wetu, Bwana Paulinus, alichoka na hati za kutumiana kwa simu, maana zilikuwa zinapotea katikati ya picha za harusi na matangazo ya mazishi. Binti yake Atyang, aliyesomea kompyuta, akatuwekea programu ya barua pepe kwenye kila meza. Akatuonyesha kwamba kushoto ni folda, juu ni orodha ya barua, chini ni barua yenyewe. Mwisho akasema kwamba kila mtu anaweza kuipanga apendavyo. Wenzangu hawakulitilia maanani neno hilo. Mimi nililibeba.

Dada, niliipanga. Niliondoa safu ya tarehe, na ya ukubwa, na vitufe vingi ambavyo sikujua kazi yake, nikabakisha jina la mtumaji na kichwa cha barua. Barua yenyewe nikaihamishia kulia ipate nafasi. Skrini nikaigeuza nyeusi, maandishi meupe. Nikayakuza, kesho yake nikayakuza tena, mpaka sentensi moja ikawa inajaza skrini. Kisha nikawapa watumaji milio yao. Forodha nikawapa kengele, bosi nikampa jogoo. Jogoo alipowika mara ya kwanza, mama anayetuuzia uji aliingia kuuliza kuku tunauza bei gani.

Dancan wa meza ya pili alinisifu, akaniomba nimpangie na yake. Nilipokea sifa, nikampangia.

Shida ni kwamba meza yangu iko dirishani, pale madereva wanapongojea. Wakaanza kusoma barua zao kabla yangu. Bado natafuta mahali pa kubonyeza, mtu wa nyuma kabisa kwenye foleni ananiambia hati zake zimefika, nichapishe tu. Kazi ilienda haraka, sikatai. Lakini siku moja jogoo akawika, nikafungua barua, na madereva wakaisoma kwa sauti moja kama wako kanisani. Bwana Paulinus alikuwa ananiagiza niwaambie mtandao umepotea, mpaka yeye amalize chakula.

Chakula hakukimaliza. Alipowatuliza madereva, alimwamuru Atyang arudishe kila kitu kilivyokuwa siku ya kwanza. Maandishi yakawa madogo kama sisimizi.

Wiki hiyo nilifanya kazi kwa kukisia. Nilimwandikia wakala mmoja wa Kampala kwamba lori lake la matumbo haliwezi kuvuka bila cheti cha daktari wa mifugo. Asubuhi yake dereva wa lori hilo, Ochom, mtu mpole wa Tororo, akaja dirishani na macho mekundu ya kulala garini.

"Mzee," akaniambia polepole, "mimi nimebeba mitumba. Huyo daktari wa ng'ombe atapima suruali?"

Ofisi nzima ilicheka, nami nikacheka nao. Atyang peke yake hakucheka. Alivuta kiti, akafungua barua ya yule wakala, akaniomba nimsomee mstari mmoja tu. Nikamwambia jua la dirishani linanisumbua. Akafunga pazia. Nikasema nimesahau miwani nyumbani.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee Robinson, miwani umevaa."

Dada, hili ndilo nililokuwa nakuficha. Sioni vizuri tangu mwaka jana. Watu ni ukungu, maandishi ni ukungu. Kuipanga ile programu hakukuwa ufundi. Bosi nilimpa jogoo kwa sababu sikuweza kulisoma jina lake. Niliogopa kusema, maana karani asiyeweza kusoma nani atamweka ofisini?

Siku hiyohiyo Atyang alinipeleka kwa boda hadi Alupe kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari anasema hutolewa mtu akaona tena. Jicho la kulia ni Alhamisi ijayo. Bwana Paulinus nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema meza yangu itaningoja, ila itaondolewa dirishani. Kwa sasa Atyang amenikuzia tena maandishi, kwa hivyo ukiona barua hii imejaa skrini yako, usidhani nakupigia kelele.

Jana nilimweleza Mourine. Kumbe amejua tangu Krismasi, aliponikuta uani nikilikaribisha chai koti lililoanikwa kwenye kamba. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

Naogopa kile kisu, dada. Mourine atakuwepo, lakini nakutaka na wewe. Njoo Jumatano. Nimemwambia Mourine kwamba bandeji ikitolewa, wa kwanza nitakayemtazama ni yeye. Amesema hana neno, ila nijiandae, maana amezeeka kidogo tangu nilipomwona mara ya mwisho.

Msalimie shemeji, watoto, na jirani yeyote anayenikumbuka. Mungu akulete salama.

Ni mimi mdogo wako,
Robinson Ogendo