Mama, Ulimrudishia Mke Wangu Sahani

Mpendwa mama,

Leo tumemaliza kukata miwa mapema. Mgongo unauma, ila nimekaa nikuandikie. Niliishia darasa la tano na wewe hupo tena, kwa hiyo naandika bila kuogopa kuchekwa.

Unaikumbuka ile picha? Mke wangu Kemilembe alikuwa kwako Ngenge, wiki tatu tangu ajifungue. Alinitumia picha amempakata mwanetu. Badala ya kumpongeza, nilimwandikia: "Umekuwa pipa. Nikija nitakukuta hivyo hivyo?" Nilikuwa natania. Wenzangu wa kambini walicheka, nami nikacheka.

Yeye hakucheka. Alianza kusukuma sahani. Asubuhi maji ya limao, mchana vijiko viwili vya chakula, na majani ya kupunguza tumbo aliyonunua mnadani akayaficha chini ya godoro. Wewe ulidhani ni uchovu wa uzazi, mpaka mlipokwenda kliniki na mizani ikaonyesha mtoto hajaongezeka hata kidogo. Maziwa yalikuwa yamepungua.

Ulinipigia kwa simu ya jirani. Hata shikamoo hukuisubiri.

"Wewe! Mtoto anakula mwilini mwa huyu binti, nawe unamwambia apungue? Nilipokuzaa nilikuwa na tumbo kama gunia la kahawa. Baba yako alithubutu kusema?"

"Mama, nilikuwa natania."

"Basi njoo unyonyeshe wewe."

Ninachokushukuru zaidi ni kwamba yeye hukumgombeza. Alipokuambia kwamba kweli anatamani kupungua, ulirudi naye kwa nesi mkauliza. Nesi akasema ayaache yale majani, ale ashibe, anywe maji ya kutosha, asiwe na haraka. Mwili utashuka polepole huku ananyonyesha, na akishapona vizuri aanze kutembea. Ukalishika hilo kama amri. Soda na maandazi ukaviondoa. Ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, dagaa na mchicha ukamwekea mbele, ukakaa hapo hapo mpaka amalize. Alipopata nguvu mkawa mnatembea hadi kwenye mibuni na kurudi, mtoto mgongoni kwako. Ameniambia ulikuwa ukimwita, "Taratibu, mkamwana, hakuna anayetufukuza."

Mtoto akaongezeka. Kemilembe naye akapungua, kwa miezi, si kwa siku. Kosa lilikuwa langu, kazi ukaifanya wewe.

Siku ile, kabla hujakata simu, uliniambia kila nikipiga nianze na swali moja. Sijaliacha. Jana nilimuuliza, "Umekula?"

"Nimekula," akasema, na nikasikia mtoto anakimbia huku anapiga kelele. "Na wewe je? Mbona kwenye picha umebaki mifupa?"

Tulipoagana nikaenda kwa mama ntilie, nikaomba aniongezee maharage, nikala nikamaliza yote kama vile umekaa mbele yangu.

Asante, mama. Pumzika. Huku tunakula.

Ni mimi mwanao, uliyenikaripia nikasikia.