Mkwaruzo wa Redio Yako

Bweni la Wanafunzi,
Chumba Na. 14.
9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Kabla ya lolote, macho yako yanaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho mistari ilikuwa inapanda mlima, nikajua umeandika bila miwani kwa ukaidi wako ule ule. Bibi naye, goti limepoa? Na kinyozi wa mlango wa pili, bado anakuletea redio yake kila wiki ili apate pa kupigia soga? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Navaa soksi mbili mbili na bado vidole vinalalamika.

Nianze na lililonikaa rohoni. Lile ombi langu la kuendelea na shahada ya uzamili hapa hapa limekubaliwa. Ni miaka miwili mingine. Sijawajibu, kwa sababu nilikuahidi kwamba nikimaliza hii ya kwanza nitarudi kukaa nawe dukani, nikusomee zile namba ndogo za vipuri vya redio ambazo huzioni tena. Wewe ndiwe uliyenilea, na ahadi niliitoa kwako. Ngoja nikusimulie ilivyokuwa, kisha uamue.

Siku ya usaili sikupelekwa ofisini kama nilivyotazamia. Tulipanda basi la chuo, mimi na profesa tunayemwita Mzee Kimya, maana akikusalimia tu ujue siku yako imekuwa njema. Tukaenda nje ya mji kwenye darubini ya redio. Mjomba, niseme nini? Ni dishi, kama yale ya televisheni, lakini hili lingefunika duka lako, la kinyozi, na mtaa wote mpaka kule kwenye kona. Lilikuwa linageuka polepole, bila kelele, mchana kweupe. Mimi niliyesomea umeme nilidhani habari za nyota ni za usiku. Kumbe zinasema hata jua likiwa utosini, ni sisi tu tusiozisikia. Nilisimama mdomo wazi hadi Mzee Kimya akanishika bega.

Chumba cha mitambo ni kidogo, kinanuka waya wenye joto kama dukani kwetu. Wasaili wawili walikuwa wameshaketi. Wakafungulia spika ili nisikie dishi linapokea nini. Ukatoka mkwaruzo mtupu, ule ule wa redio iliyo kati ya stesheni mbili. Sasa unajua mkono wangu ulilelewa wapi. Kabla akili haijafika, mkono ulikuwa umeshafika. Niliupiga mtambo kofi la ubavuni, lile lako la kiganja kilicholegea.

Msaili mmoja, mama wa makamo, alifumba macho. Nikajua uzamili umeota mbawa. Mzee Kimya akaniuliza taratibu kwa nini nimeupiga, nami nikamjibu kwamba kwetu redio ikikoroma hivyo hupigwa kwanza, ikikaidi ndipo hufunguliwa.

Hakucheka. Alinivalisha vipokea sauti masikioni, akasema, "Haujaharibika. Huo mkwaruzo ndio tuliojengea dishi hili. Sikiliza."

Akanieleza kwamba ndani yake mna mawimbi yaliyotoka kwenye gesi iliyotapakaa kati ya nyota, mbali kiasi kwamba yalianza safari kabla mtu yeyote hajazaliwa duniani, na ndiyo kwanza yanafika. Akasema redio za nyumbani nazo hupata chembe yake zikiwa hazijashika stesheni. Mjomba, nililia mbele ya wasaili. Nilikuwa naiona meza yako, na wewe umeinamisha kichwa unausaka mkwaruzo uutoe. Miaka yote hiyo tulikuwa tunafukuza nyota dukani, na mimi nakushikia tochi.

Waliponiuliza kwa nini nataka kuendelea kusoma, niliwaeleza habari zako, basi. Wiki iliyofuata wakanikubalia. Mzee Kimya naye amebandika karatasi kwenye mtambo: Usipigwe.

Nisalimie Bibi, umwambie shali yake ndiyo inayonilinda. Msalimie kinyozi pia, ingawa sijui utamwambia nini sasa kuhusu ugonjwa wa redio yake. Mungu akuzidishie nuru, ya machoni na ya moyoni.

Kabla hujanijibu, nina ombi. Washa ile redio kuukuu ya kwenye rafu, uiweke kati ya stesheni mbili, na usiiguse. Macho yamechoka, lakini masikio yako najua bado ni makali. Sikiliza mpaka utosheke, kisha uniambie nirudi au nibaki, nami nitakutii.

Mpwa wako akupendaye daima,
Chiriku