Mluzi Niliokataa Uondolewe

Baba Kulwa wangu,

Utanisamehe mwandiko huu. Wewe uliyenitania kwamba naandika ubaoni kama mashine, leo ungeona herufi zangu zinavyolala. Naandika mistari michache, napumzika, pumzi ikirudi naendelea. Juzi daktari alimwita binti yetu nje ya chumba wakazungumza kwa sauti ya chini, na Kulwa aliporudi alikuwa amenawa uso. Sikumwuliza. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Najua betri inavyoisha.

Kuna jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai. Nimemwomba Kulwa awasomee ndugu wote barua hii nitakapokuwa nimeondoka, maana wengi wao waliona mwisho tu.

Unakumbuka siku ulipoileta ile pikipiki? Ujana wako wote ulikuwa umepita kwenye maghala ya ushirika, ukitia mkono ndani ya gunia la pamba na kutamka, bila hata kuangalia, "safi" kwa daraja la kwanza au "fifi" kwa ile yenye madoa. Kisha ikaja miaka ya tisini, soko likafunguliwa, makampuni yakaingia na mizani yao, ushirika ukawapunguza kazini. Wenzako walinunua mashine za kusaga. Wewe ulichukua kiinua mgongo chako ukanunua pikipiki ya mhandisi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Haikuwa pikipiki kama za watu. Ilitengenezwa kwa safari ndefu, ina kioo cha upepo mbele, masanduku ya bati pembeni na nyuma, na kiti kipana kama kochi.

"Baba Kulwa, hiyo ni pikipiki au ni nyumba?" jirani aliuliza pale uzioni.

"Nyumba," ukamjibu. "Kodi analipa mama."

Kampuni moja ilikupa kazi ya kukagua pamba vijijini upande wa Magu. Ulifurahi kama mtoto, nami nikaanza kukosa usingizi. Barabara ile nilikuwa naiogopa. Malori ya pamba, ng'ombe wanaokatiza, mvua. Simu za mkononi hazikuwa za watu kama sisi. Ndipo nikakuambia kwamba nyumba yako hiyo ya magurudumu haitoki hapa kwetu Buswelu mpaka ifungwe simu ya upepo.

Fundi Hamisi, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko kule Nyamagana, alikuwa amefunga redio hizo kwenye magari mengi. Kwenye pikipiki hakuwahi. Aliizunguka, akajikuna shingo.

"Mwalimu, gari lina paa. Huku antena niichomeke wapi, kichwani kwa mzee?"

"Juu ya sanduku la nyuma," nikamwambia. "Ni la bati, litafanya kazi ya paa."

Akakutazama wewe. Ukainua mikono. "Mfuate mwalimu, fundi. Hata mimi nyumbani namfuata."

Akaifunga redio na spika yake chini ya kioo, mahali mhandisi alipokuwa anaweka ramani. Nyaya akazipeleka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake. Kipaza sauti kikaingia ndani ya helmeti, na kitufe cha kusemea kikakaa kwenye usukani, chini ya kidole gumba cha kushoto. Redio ya pili tuliiweka juu ya kabati letu la vyombo, ikatumia betri ya gari, na mlingoti wa antena tukausimika juu ya lile jabali nyuma ya jiko. Tulipohangaikia kibali ulichagua mwenyewe majina ya kuitana. Wewe ulikuwa Pamba. Mimi, kwa sababu ya mwamba ule, nikawa Jabali.

"Sikilizeni, wazee wangu," Fundi Hamisi alituonya. "Ukibonyeza unasema, husikii. Ukiachia ndiyo unasikia. Mkibonyeza wote wawili, kila mtu anajisemea peke yake."

"Kama ndoa," ukasema, na fundi akacheka mpaka akaangusha bisibisi.

Redio ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na kasoro moja. Injini ikiwaka, umeme wa kuchajia betri ulikuwa unapenya ndani ya redio, na nyuma ya maneno yako nilisikia mluzi. Ulikuwa unapanda ukikaza mwendo na kushuka ukipunguza. Fundi alisema kipo kichujio cha kuuondoa, lakini kingeagizwa Dar es Salaam. Tukakubali kusubiri.

Kituo cha mwisho cha sauti yako kilikuwa Kisesa. Ukipita pale milima inaimeza. Kwa hiyo tukawa na desturi yetu. Kila asubuhi, kabla sijaenda shule, nilisimama mbele ya kabati nikiwa na kikombe cha chai, na wewe uliita kutoka barabarani, sauti imejaa mikwaruzo.

"Pamba anaita Jabali. Niko Kisesa. Napotea sasa."

"Potea salama," nilijibu.

Jioni ulitokea tena, umechoka, mluzi ukipanda na kushuka, nami niliinjika maji ya kuoga. Msimu ule mzima, Baba Kulwa, nilikuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote Buswelu, na sikuwahi kukuambia hata hilo.

Msimu uliofuata, asubuhi moja, uliita kama kawaida. "Niko Kisesa. Napotea sasa." Lakini sauti yako ilikuwa safi kama ya mtu aliye uani. Hakukuwa na mkwaruzo, wala mluzi. Nilijibu "potea salama" kwa mazoea, kisha nikabaki nimeshika kikombe. Injini ilikuwa imezimwa. Na hukuwa Kisesa.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Baadaye nilisikia sokoni kwamba kampuni yako ilikuwa imekunja mizani na kuondoka, na kwamba wanunuzi waliobaki walinunua safi na fifi kwa bei moja, ndani ya gunia moja. Nani angehitaji mkono wako? Lakini kila alfajiri uliamka, ukapiga viatu rangi, ukapokea matobolwa ya viazi vitamu na karanga nilizokufungia, ukaniaga unakwenda Magu. Jioni ulirudi na chombo kitupu kilichonuka dagaa. Ulinisimulia pamba uliyoiona. Nilikuuliza maswali juu ya pamba hiyo, na ukayajibu.

Nilikuwa na maneno ya kukuambia. Niliyapanga njiani kwenda shule, kama ninavyopanga somo. Nikifika nyumbani nakukuta unapangusa kile kioo cha upepo, nami naingia jikoni kuwasha moto. Ningesemaje? Najua huna kazi? Ulikuwa umebakiwa na kazi moja, ya kuondoka asubuhi. Niliogopa kukunyang'anya hiyo pia.

Kisha kichujio kikafika kutoka Dar. Fundi Hamisi alikuja nacho Jumamosi, ukaita kwa furaha, "Mama Kulwa, njoo! Leo mluzi unakufa!"

Nikatoka na unga mikononi. Nikasema, "Uacheni. Nikiusikia najua uko barabarani. Nisipousikia, najua umesimama."

Sikuteleza ulimi, mume wangu. Nilikusudia. Ilikuwa njia pekee niliyoiweza ya kukufungulia mlango, ili usiku ule au kesho yake useme, "Mke wangu, nimesimama kweli." Ulinitazama kidogo, ukapangusa mikono kwa kitambaa, ukamwambia fundi, "Mwalimu amesema uachwe. Uachwe." Fundi akakiweka kichujio mezani, bado kimo ndani ya mfuko wake.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya kabati. Redio ikafunguka. Mluzi ulikuwepo.

"Pamba anaita Jabali. Niko Kisesa. Napotea sasa."

Lakini mluzi wa mtu anayeendesha hupanda na kushuka, kwa sababu ya mashimo, ng'ombe, vilima. Huu ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Wewe ulikuwa umesimama mahali fulani, ukawasha injini, ukachoma petroli tuliyoipata kwa shida, ili mimi nisikie kile nilichosema napenda kusikia. Nilikufungulia mlango nawe ukauongezea komeo, na ulifanya hivyo kwa kunihurumia.

"Potea salama," nikajibu. Nikaenda shule nikafundisha, na sikumbuki nilifundisha nini.

Tuliishi hivyo hadi siku ile ya likizo, alasiri, saa ambayo hukuwahi kuita. Nilikuwa nachambua mchele. Redio ikafunguka na sikusikia jina langu. Nilisikia mluzi ulionyooka. Chini yake nikasikia maji yakipiga mawe, na pumzi yako, nzito, inakoroma. Nikarukia kitufe. "Pamba! Jabali anaita! Baba Kulwa!" Nilijua hunisikii. Kidole chako kilikuwa kimeng'ang'ania kitufe, na mtu akibonyeza hasikii. Hata watoto wa kidato cha kwanza niliwafundisha hivyo. Niliita tu. Nikamtuma mtoto wa jirani kwa mdogo wako Luhende, akaja na pikapu yake akiwa bado amevaa ndala.

"Shemeji, yuko wapi? Niwahi Kisesa?"

"Hayuko Kisesa. Yuko ziwani."

"Ziwani anafanya nini? Si alikwenda Magu?"

"Haendi Magu siku nyingi, Luhende."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. "Kumbe ulikuwa unajua? Haya, ziwani wapi?"

Baba Kulwa, hapo ndipo nilipokwama. Ziwa halina mlango mmoja. Lina mialo ya wavuvi, ghuba na mawe pande zote. Nilijua injini yako inawaka, nilijua imesimama, nilijua hata petroli inakaribia kwisha kwa jinsi mluzi ulivyoanza kukatika. Mahali sikupajua, kwa sababu sikuwahi kuuliza, na sikuwahi kuuliza kwa sababu ningekuwa nimekiri.

"Sijui," nikasema.

Mluzi ukafa. Ndipo nikasikia sauti za wanawake zikikaribia. "Mzee! Mzee wa madaraja! Jamani njooni, mzee ameinamia kioo!" "Mtoeni kofia hiyo!" "Mshike mkono, mshike!" Mkono wako ukatoka kwenye kitufe, redio ikakaa kimya, nami nikapiga kelele, "Mko wapi?"

Kimya. Hawakujua kubonyeza. Nikarudia, "Bonyezeni kitufe kwenye usukani, upande wa kushoto! Mbonyeze ndiyo mseme!"

Redio ikafunguka. "...si nimekwambia pikipiki inaongea! Wewe nani?"

"Mimi mkewe! Mko wapi, mama?"

Kimya tena, kisha kitufe. "Tuko Igombe, mama, huku kwenye dagaa. Fanyeni haraka."

Luhende aliondoka kabla hajafunga mlango wa gari.

Ulipona, lakini mkono wa kuume na maneno havikurudi. Ulikaa nasi kwa mvua za miaka miwili, kwenye kile kiti cha dirishani, ukinitazama. Siku moja alikuja Bi Nyamizi, yule aliyeongea redioni, na beseni la dagaa kichwani.

"Shikamoo mzee wetu!" alisema akikupigia magoti. Kisha akanigeukia mimi. "Huyu mzee wenu alitusumbua, mama! Tunaanika dagaa zetu, yeye anapita na kutia mkono. 'Hizi safi. Hizi fifi, zina mchanga, rudia.' Sisi tunamcheka. Lakini wanunuzi wakaanza kutafuta dagaa za kwetu, tukanyamaza. Na matobolwa yako, mama, tumekula sana."

Ulikuwa unatazama sakafu. Chozi lilikutoka jicho moja, lile la upande wa uso uliokuwa bado hai. Nami nililifuta kwa kanga, nikamkaribisha mgeni chai.

Alipoondoka ndiyo ilikuwa saa yangu. Nilikaa mbele yako nikakushika mkono. Nikafungua kinywa. Nikawaza, nikimwambia nilijua, atanijibu vipi? Atataka kuniuliza kwa nini nilinyamaza, atataka kukasirika, pengine atataka kucheka, na hataweza hata kimoja. Niliona itakuwa ni kumbonyezea kitufe mtu ambaye chake kimekatika. Nikanyamaza tena. Ukaenda zako nikiwa bado nimenyamaza.

Basi nasema leo. Nilijua, tangu asubuhi ile ya kwanza isiyo na mluzi. Kila niliposema "potea salama" nilijua hupotei, uko karibu, umekaa kwenye jiwe nisilolijua. Nilidhani nakulindia heshima. Siku hizi nikilala chali natazama dari, najiona nikipanda gari kwenda Igombe na chombo cha matobolwa, nikikaa karibu nawe katikati ya wale wanawake, ukinionyesha dagaa safi na dagaa fifi. Ilikuwa safari fupi tu. Sina la kufanya sasa na safari hiyo. Hata kutoka kitandani nashikwa mkono.

Redio yangu bado iko juu ya kabati, Kulwa huipangusa vumbi. Kichujio kimo kwenye droo, ndani ya mfuko wake. Nimemwambia asikitupe.

Najua kusema na wewe sasa ni kama alasiri ile, kuita huku najua husikii. Nimeita hata hivyo. Nimemaliza niliyokuwa nayo, pumzi imekwisha, naachia kitufe. Kama una neno, Pamba, nasikiliza.

Mkeo,
Mama Kulwa
Buswelu, juu ya jabali