Chura Asiye na Kiluwiluwi

Jumatatu, 5 Mei
Uji nusu kikombe. Miguu imevimba kama jana. Binti yangu Rehema amegeuza kiti nione mto Tana. Namshukuru Mungu kwa Rehema.
Mwalimu wa darasa la nne hapa kijijini Hewani amepita. Wanasoma viumbe walio hatarini kutoweka, naye kasikia nilifundisha kwenye milima ya Taita. Ataleta watoto Jumatano, niwaeleze habari za chura wa huko. Nimekubali haraka mno.

Jumanne, 6 Mei
Sijamwambia mtu haya.
Nilikwenda kufundisha Taita nikiwa kijana, na ubaoni nikachora mayai majini, kiluwiluwi, chura. Mtu wa Tana angechora nini kingine? Kwetu mto ukifurika, mashamba ya mpunga hujaa viluwiluwi.
Msichana aitwaye Wakesho akainua mkono. Akasema chura wa msitu wao hutaga ardhini, na watoto hutoka yaini wakiwa vyura kamili. Nilicheka. Darasa likacheka kwa sababu nilicheka mimi.
Kesho yake akaleta gogo bovu, mama chura akiwa ndani, amelalia mayai. Sikutazama. Niliagiza lipelekwe jikoni. Likachomwa. Kisha kila Ijumaa nikawatuma wanafunzi msituni kuzoa magogo yaliyooza, nikisema ni usafi.
Wakesho hakuinua mkono tena. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba alisema kweli.

Jumatano, 7 Mei
Watoto ishirini mkekani. Niliwaeleza vizuri. Chura mdogo, ngozi ya vipele, hatembei mbali. Hana haja ya kidimbwi; anahitaji ukungu, kivuli, majani yaliyooza na gogo la kujificha. Msitu ukikatwa, ardhi hukauka, na mayai hukauka nayo. Hana mlima mwingine wa kuhamia.
Habona, mtoto wa jirani, akauliza, "Babu, nani alikufundisha?"
Nikasema kitabu.
Mwoga. Chakula cha jioni hakikupita.

Alhamisi, 8 Mei
Pumzi fupi. Nimemweleza Rehema yote. Hakunilaumu. Amempigia mwalimu mwenzangu mstaafu kule Taita amtafute Wakesho. Naogopa kufa kabla simu haijaita.

Ijumaa, 9 Mei
Imeita saa nne asubuhi. Sauti ya mama mtu mzima.
"Mwalimu! Ni wewe uliyempika chura wangu?"
Nikasema ni mimi. Nikasema nilikosea, anisamehe.
"Nililia wiki nzima," akasema. "Nilishakusamehe zamani, Mwalimu, lakini nilitaka kulisikia hilo."
Kisha akacheka. Vyura bado wapo, wachache, kwenye kipande cha msitu kilichobaki kileleni. Yeye na majirani zake wanapanda miti ya asili pembeni mwake, na magogo yaliyoanguka hawayagusi. Nikamweleza habari za watoto wa hapa, akanipa sharti moja tu: niwaambie ni nani aliyenifundisha.
Asante, asante, asante.

Jumatatu, 12 Mei
Watoto wamerudi. Nimewaambia kuhusu Wakesho, gogo na jiko. Mmoja akasema, "Lo, Babu, kumbe ulikuwa mkorofi!" Wakacheka. Safari hii nilistahili.
Habona akainua mkono. Anasema shambani kwa mama yake kuna chura anayetaga juu ya mti, ndani ya povu. Wenzake wakaanza kumzomea. Nikawanyamazisha. Nikasema, "Nipeleke nikaone."

Jumanne, 13 Mei
Rehema na mwalimu wamenibeba na kiti changu hadi ukingoni mwa shamba la mpunga la mama yake Habona. Tawi juu ya maji. Povu jeupe, saizi ya ngumi. Nimeliona tangu utotoni, nikidhani ni la wadudu. Kiluwiluwi kimoja kikadondoka majini, kisha kingine.
Habona alinishika mkono.
Nimelala vizuri mchana.