Mashoka Uliyoniachia Pamoja na Jina

Mjomba Chinguile,

Hili sijamwambia mtu yeyote: jina lako sikulitaka. Siku ya arobaini yako, Bibi aliponishika mkono mbele ya ukoo akatangaza kwamba kuanzia leo Chinguile ni mimi, nilitazama chini kama mwanafunzi asiyejua jibu. Sasa Bibi, mama yako, ananiita mwanangu. Mkeo Bi Somoe, kuni zikiisha, hunitania, "Mume wangu, umekaa tu na vitabu?" Nami nina mtihani, Mjomba.

Hayo ningeyavumilia. Lakini nimerithi na mashoka yako.

Unayakumbuka: yale uliyoyasubu kwa vyuma vibovu vya matrekta ya ule mradi wa karanga wa wakoloni, ukayagawa Lionja nzima. Ulimimina chuma kwenye mchanga, kikapoa, ukakinoa, ukasema, "Tayari, kafyeke!" Yakakatika kama makopa ya muhogo. Ulipokuwa hai watu walikuja na hasira, ukawachekesha hadi wakasahau walichojia. Mimi sijui kuchekesha. "Chinguile, shoka ulilonipa limevunjika." Nikisema si mimi, hujibu, "Kwani Chinguile wako wangapi?"

Mtani wako Mzee Kalembo, Myao yule, siku ya maziko alilitupa lake lililovunjika juu ya kaburi lako: "Nenda nalo, ukamalizie kazi!" Tulicheka huku tunalia. Sasa ameapa kwamba likivunjika jingine atanitangaza gulioni Ruangwa kwa jina la Chinguile Vunjashoka. Na wenzangu wa shule huenda gulioni.

Nikafungua kitabu cha mafundi chuma kilichokuwa kabatini shuleni. Kumbe chuma kilichosubiwa hutoka na chembe kubwa ndani, kama ugali wenye mabonge. Lazima kipashwe hadi kiwe chekundu, kiachwe kipoe polepole, chembe ziwe ndogo. Kisha makali yapashwe tena na kuzamishwa majini yawe magumu, halafu yapewe moto kidogo ugumu upungue, la sivyo yatakatika. Wewe ulikuwa unaishia njiani, Mjomba. Ungekiona kitabu hicho ungekiwashia moto.

Shida ilikuwa ule moto wa mwisho. Kitabu kinasema chuma kitolewe kikipata rangi ya majani makavu. Majani gani? Nikachomoa moja kwenye paa la jiko ili nilinganishe.

"Mume wangu," akasema Bi Somoe, "marehemu alivunja mashoka, nyumba hakunivunjia."

Tena nilichomoa lililokula moshi miaka yote, jeusi tii, nikangoja chuma kifanane nalo. Shoka hilo halikuvunjika; makali yalijikunja kama sikio la mbwa. Bi Somoe akaniletea jani la mwaka huu, akakaa kuvukuta moto mwenyewe. Chuma kilipoanza kuwa cha manjano akapiga kelele, "Sasa!" Mimi nilikuwa bado nasoma; akakitoa yeye motoni.

Jumamosi Mzee Kalembo akaja kulijaribu shoka hilo, akachagua gogo la mpingo. Watu wakajaa. "Kama huyu ni Chinguile kweli," akasema, "litavunjika." Akainua, akapiga. Kitu kikapasuka. Nikafumba macho.

"Mpini!" Bi Somoe akapiga kigelegele. "Na mpini umeuchonga wewe mwenyewe, Kalembo!"

Shoka lilikuwa limezama kwenye mpingo, zima. Mzee Kalembo akakaa chini, akacheka, akacheka, kisha nikaona anajifuta macho. "Huyu si Chinguile," akasema. "Chinguile alikuwa anajua kuvunja."

Mjomba, kwa dakika moja nilitamani kulichukua nilivunje.

Pumzika sasa. Naahidi kuyarudisha motoni mashoka yako yote yaliyobaki, hata la yule shangazi mkali wa Ruponda. Ila lile lililo juu ya kaburi lako silirekebishi. Hilo libaki kama ulivyolifanya.

Nilipofika hapa katika kuandika, mtu aliita kutoka njiani, "Chinguile!" Niligeuka kukutafuta. Kisha nikaitika, nikatoka kwenda kulipokea shoka lake.