Mstari wa Ubungo

Zuhura mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Sie wa Mtoni wazima, na goti la babu yako limetulia. Juzi kaenda msikitini bila mkongojo.

Umeniuliza, wewe unayejifunza ufundi wa mtandao, kama nami niliwahi kuogopa mitambo kazini. Mno! Nilikuwa karani mpya, na siku moja kompyuta zetu hazikuliona tena ghala la Ubungo. Fundi wa mtandao, aliyekuwa mbali, akanitajia kwa simu maneno ya kuandika kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta. Nilijua nikiharibu, kazi sina.

"Sista, hapo unatazama tu. Kutazama hakuharibu kitu."

Likatokea jedwali la njia. Kila mstari ulieleza: ukitaka kufika mtandao huu, pitia kwa jirani yule.

"Tafuta namba za Ubungo."

Nikapekua mara tatu. Nikaanza tena toka juu, nikidhani kosa ni langu.

"Sista, umelala?"

"Ubungo haimo," nikasema, karibu nilie.

Akacheka. "Basi umeshaniponyea mgonjwa! Huo mstari uliokosekana ndio ugonjwa."

Akanitajia mstari wa kuongeza. Nilipotazama tena ulikuwemo, na Ubungo ikarudi.

Kesho fungua jedwali lako, mwanangu, usome taratibu. Usichokiona, sema hukioni. Huenda ndicho wenzako wanachokitafuta.

Bibi yako akuombeaye,
Mwanaidi