Kigelegele Changu kwa Binti wa Daktari

Shikamoo, Dada Zaina,

Huku Ujiji joto ni kali, migebuka, samaki wa ziwa hili, ni tele, na sisi tuliokimbia vita tu wazima.

Jana daktari wetu, Myahudi, alinialika kwake. Binti yake ametimiza miaka kumi na miwili, akasoma maandiko yao mbele ya watu ili ahesabiwe mtu mzima. Wakikualika nawe, jifunike vizuri, simama wanaposimama, na usipige picha wala kuandika, maana Jumamosi ni Sabato yao. Ndiyo maana nakuandikia leo. Mama mwenye nyumba wangu, niliyekwenda naye, aliongeza lake: “Wewe mkimbizi, kaa nyuma unyamaze.”

Nilikaa nyuma. Lakini mtoto alipomaliza kusoma nikapiga kigelegele, cha kwanza tangu tuvuke ziwa. Watu wote wakageuka. Mwenye nyumba akanifinya. Mara bibi yake yule binti, aliyetoka Moroko kwa ajili ya siku hiyo, akasimama akapiga chake, kirefu kuliko changu. Mimi nishindwe? Nikapiga tena!

Msalimie sana mama. Mwambie nyumba yetu waliichoma, lakini koo la mwanawe hawakuliweza.

Mdogo wako,
Salima